Mlima Mgongoni

Barabara ilikwisha kabla ya safari.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Pikapu ilikuwa ikikwea bega la mlima kwa gia ya pili, na njia ilikuwa imekwisha kupinda kulia na kushoto mara nyingi mno hata abiria akaacha kuhesabu kona. Kwenye kona iliyofuata, ukingo wa juu wa barabara, jivu la kale lililolowa mvua ya wiki nzima, ulianza kushuka. Haukuanguka kwa kishindo. Ulishuka taratibu kama uji unaomwagika mezani, ukaifunika njia mbele ya gari, kisha ukaanza kuifunika na nyuma.

"Wifi," dereva alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "shika kitu."

Wifi yake akashika mlango. Lile jivu likaisukuma pikapu ubavuni, likaitoa barabarani kama mtu anavyosogeza sahani, na gari likateleza kuelekea bondeni, likageuka nusu duara, likakaa kwa tumbo ndani ya mfereji wa mchanga mweusi. Pua yake ilitazama lilikotoka. Injini ikazima.

Abiria akageuka kutazama nyuma.

"Kreti zimepona?" abiria akauliza.

"Mimi dada wa mume wako nimekunjika mguu hapa chini ya pedali," dereva akajibu, "na wewe unaulizia kreti."

Hivyo ndivyo walivyokuwa siku zote. Abiria alikuwa fundi wa mifano ya milima, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mpole, asiyependa kupandisha sauti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye meza ndefu, mifuko ya jasi na harufu ya gundi. Hakusomea kazi ile popote. Alichukua ramani, akafuata kwa kisu mstari mmoja mmoja wa kontua, ule unaopita sehemu zenye kimo kimoja, akakata kadibodi kwa umbo la ule mstari, akabandika kadibodi juu ya kadibodi, kila moja ikisimama badala ya mita hamsini za mlima. Mwisho alipaka jasi juu yake, akalainisha kwa vidole, akatia rangi. Mlima huu wa volkano, wenye vilele viwili, alikuwa ameutengeneza mara kumi na moja kwa ajili ya shule mbalimbali. Hakuwahi kuukanyaga hata mara moja.

Dereva alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, mwenye mabega mapana na mdomo usiolala. Stendi nzima walimwita Gia Tano, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiendesha kwa gia ya nne kwa muda mrefu. Nyuma ya pikapu yao kulikuwa na mlima wa kumi na mbili, umekatwa vipande tisa na kupangwa katika kreti tatu. Ulikuwa unakwenda kwenye chumba cha jiografia cha shule iliyo upande wa pili wa mlima wenyewe.

Kreti zilikuwa zimepona. Mguu haukupona. Fundi alipomvua wifi yake kiatu, kifundo kilikuwa kimevimba kama embe, na kila kilipoguswa Gia Tano alitaja jina la babu mwingine wa ukoo.

"Umevunjika," Fundi akasema.

"Hilo nimeshalijua. Sema lingine."

Fundi alisimama akatazama huku na huku, akipanga mambo moja baada ya jingine, kama alivyozoea kupanga zana mezani. Barabara ilikuwa imezikwa mbele na nyuma. Simu zote mbili hazikushika mtandao. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imewatia watu woga, na tangu alfajiri hawakupishana na gari hata moja. Hakuna ambaye angepita leo, wala kesho. Walikuwa na chupa moja ya maji iliyojaa nusu, mkate, koti moja na blanketi moja. Na walikuwa juu sana, mahali ambapo majani yalikuwa mafupi na magumu kama brashi. Asubuhi, walipopita, majani hayo yalikuwa na barafu nyeupe nchani. Jua likizama barafu ingerudi, na mtu aliyevunjika mguu asiyeweza kuruka-ruka kujipasha moto asingeiona asubuhi.

"Lazima tushuke kabla ya jua kuzama," akasema.

"Tushuke na nani? Wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

Alirudi kwenye gari akatoa begi lake la kazi. Alikuwa amebeba jasi kilo tatu za kuzibia maungio ya vipande huko shuleni, pamoja na magunia membamba ya kuishikilia. Maji ya kunywa hakuyagusa. Alifungua bomba chini ya rejeta, akakinga yale maji ya kijani ndani ya ndoo, akakoroga jasi mpaka ikawa nzito kama mtindi. Akauzungushia mguu wa wifi yake fulana kavu, kisha akafunga vipande vya gunia vilivyolowa jasi, tabaka juu ya tabaka, kutoka chini ya vidole hadi karibu na goti, akilainisha kwa kiganja.

"Inapata moto," Gia Tano akasema kwa mshangao.

"Jasi ikiganda hutoa joto. Tulia."

"Ningejua ningevunjika na huu mwingine."

Dakika kumi na tano baadaye mguu ulikuwa mgumu na mweupe. Gia Tano akaugonga kwa kucha, akasikiliza. "Sasa na mimi ni mlima," akasema. "Unitie na rangi."

Mpini wa beleshi ukawa gongo lake. Koti akavaa yeye. Hapo ndipo Fundi alipofungua kreti ya pili, akatoa kipande cha tano, akakifunga mgongoni kwa blanketi kama mama anavyombeba mtoto.

"Wifi," Gia Tano akasema polepole, "ramani ya karatasi iko wapi?"

"Nyumbani. Nilisema mlima wote uko ndani ya kreti, ramani ya nini?"

"Kwa hiyo umeniacha na mkate mmoja, ukabeba mlima."

"Ni kilo nne tu. Na hapa tulipo pako humu." Fundi alikuwa tayari ameshakishusha tena na kukiweka juu ya boneti. Uso wake ulikuwa umebadilika. Tangu alfajiri alikuwa akichungulia dirishani na kutabasamu peke yake kama mtu anayekutana na watu aliokuwa akiandikiana nao barua miaka ishirini. Alikuwa amemwona Mkuu, kile kilele kirefu chenye kasoko, shimo la mviringo, juu yake. Alikuwa amemwona Kibogoyo, kilele ambacho zamani mlipuko ulikiondolea ubavu mzima kikabaki mdomo wazi. Majina hayo yalikuwa ya karakana tu. Hakuna ramani iliyoyaandika.

"Tazama. Barabara hii hapa. Sisi tuko hapa, chini ya kona. Huku kuna Mafiga, vilima vitatu vilivyokaa kama mafiga ya jiko. Volkano ndogo zilizotokea ubavuni mwa kubwa. Tunapita katikati ya mawili ya mbele, tunakwenda moja kwa moja mpaka kwenye Ukuta. Tunateremka Ukuta, tunakata kulia, tunaingia kwenye Ulimi." Kidole chake kikafuata mgongo mrefu uliotokeza kwenye jasi. "Huu ni mto wa lava ulioganda. Unashuka mpaka chini kwenye miti. Na kwenye miti kuna machimbo ya mawe mepesi. Ramani ina vibanda vitano pale. Watu."

"Mbali kiasi gani?"

"Upana wa kidole kimoja ni mita mia nne." Akapima. "Vidole kumi na mbili na nusu."

Gia Tano akatazama vidole vya wifi yake, vyembamba, vyenye jasi kwenye kucha. "Mungu alikupa vidole vyembamba," akasema. "Twende."

Ukungu uliwakuta hata kabla hawajatoka mferejini. Ulipanda kutoka bondeni ukiwa mweupe na wa baridi, ukafuta Mkuu, ukafuta Kibogoyo, ukafuta pikapu nyuma yao. Walibaki na duara dogo la mchanga mweusi, upana wa sebule. Fundi alihesabu hatua kwa sauti ya chini. Upepo ulikuwa ukimpiga shavu la kushoto, na aliuweka pale pale. Nyuma yake gongo lilichoma mchanga, kisha mguu mzima, kisha mguu wa jasi: tup, chwa, du. Tup, chwa, du.

Walipumzika kila baada ya hatua mia mbili. Chupa ilipita mkono hadi mkono, kila mmoja akainua, akameza, akafuta midomo. Mara ya nne Fundi aliitazama chupa dhidi ya mwanga.

"Wifi, haya maji hayapungui."

"Mimi nakunywa."

"Na mimi nakunywa."

Wakatazamana. Gia Tano ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikapotea ndani ya ukungu kikarudi upande mwingine. "Wanafiki wawili jangwani," akasema. "Haya, kunywa mbele ya macho yangu. Funda mbili. Nimeziona. Nipe."

Mafiga waliyafikia kwa hesabu iliyotimia sawasawa. Kilima cha kwanza kilitokea kama kivuli, kisha kikawa mteremko wa kokoto nyekundu, nyepesi, zenye matundu kama sponji. Fundi aliokota moja, akaichezea kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama kipande cha mkate mkavu. Kwa miaka ishirini alikuwa amepaka vilima hivi rangi nyekundu kwa sababu ramani ilisema nyekundu. Sasa wekundu wenyewe ulikuwa ukimwachia vumbi mkononi. Akaitia kokoto mfukoni.

"Vinene kidogo," akasema akikitazama kilima. "Nilidhani vimechongoka zaidi."

"Vimezaa," Gia Tano akasema. "Usiwaseme."

Wakapita katikati ya mawili ya mbele. Vidole vinne kutoka hapo hadi kwenye Ukuta: mita elfu moja na mia sita. Fundi alihesabu. Ardhi ikaanza kuinama kidogo kidogo mbele yao, mteremko wa kawaida ambao mtoto angeweza kuukimbia. Hesabu ikafika, ikapita.

Akasimama. "Hesabu inasema ni hapa."

"Basi ni hapa."

"Siyo. Ukuta ninaujua, wifi. Nimeulainisha kwa kidole gumba mara kumi na mbili. Unasimama hivi." Akasimamisha kiganja chake. "Hapa ni mteremko tu. Hatua zangu zimekuwa fupi kwa ajili ya mchanga. Bado kidogo."

Alivitii vidole akaiacha hesabu. Waliteremka, ardhi ikalala sawa tena, wakaendelea kwenda mbele. Hatua mia tatu. Hatua mia sita. Hatua mia nane. Upepo ulipungua. Gia Tano alikuwa ameacha utani, na hilo lilimtisha Fundi kuliko ukungu. Aligeuka kumtazama, na katika kugeuka huko mguu wake wa kulia ukakanyaga mahali pasipokuwa na kitu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwa nguvu, ardhi ikamomonyoka chini ya visigino vyake, na kokoto zikaenda. Wote wawili walizisikiliza. Zilikwenda muda mrefu sana kabla ya kugonga. Kisha gongo likapita chini ya kwapa lake, mkono mzito ukakamata blanketi, na akavutwa nyuma pamoja na mlima wake mpaka wakaanguka wote juu ya jiwe.

"Mbio za sakafuni," Gia Tano akasema akihema, "huishia ukingoni."

Lilikuwa korongo. Ukungu ulifunguka kidogo ukawaonyesha upande wa pili, jivu tupu lililochongwa na mvua, kisha ukafunga. Ilikuwa saa kumi kasoro. Maji yalikuwa yamebaki funda nne, na za kweli safari hii. Meno ya Gia Tano yalikuwa yakigongana, na alipojaribu kufunga kifungo cha koti vidole vyake vilikikosa mara mbili.

Fundi akafungua blanketi, akamfunika nalo. Kipande cha tano kilikuwa kimevunjika pembe. Alikiweka mapajani akakitazama bila kukiona. Korongo lilikuwepo pale, amelichimba mwenyewe kwa ncha ya kijiko, na lilikuwa kushoto mbali na Ulimi. Kama hili ndilo, basi walikuwa wameupita Ukuta. Lakini mtu anaupitaje ukuta bila kuuona?

"Wifi, nisamehe," akasema. "Sijui tuko wapi."

"Tuko pamoja. Lete hicho kitu nikiegemeze mguu." Gia Tano akakivuta kile kipande, akauweka mguu wa jasi juu yake, na kidole chake cha baridi kikaenda kwenye pembe iliyovunjika, pale ambapo matabaka yalionekana kama kurasa. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa karibu na kitu asikichokonoe. "Kadibodi zote hizi. Hizi si za maboksi ya friji?"

"Za friji. Ndizo nene."

"Na kila moja ni mita ngapi?"

"Hamsini."

"Hii?" Gia Tano akaipima kati ya kidole gumba na cha shahada. "Nene kama soli ya kiatu changu. Kama kila mita hamsini ni soli nzima, basi leo tungeshashuka mpaka kuzimu."

Fundi akanyoosha mkono, akagusa ile pembe.

Mlima huu huu, mara ya kwanza kabisa, aliutengeneza kwa kadibodi nyembamba, majalada ya madaftari, kwa kipimo cha haki: kimo kwa kipimo kile kile cha upana, bila kuongeza. Ulipokauka alimwita mume wake. Mume akaja, akaizunguka meza, akauliza kwa adabu, "Sasa mlima uko wapi?" Kweli, ulikuwa kama shuka lililotandikwa vibaya. Ukitazamwa kutoka juu, hata mlima mkubwa ni kitu kilicholala. Basi akahamia kwenye maboksi ya friji, yenye unene mara mbili, na vilele vikasimama, walimu wakafurahi, na habari ile ikageuka kuwa utani wa nyumbani na mwisho ikasahauliwa. Kwa miaka ishirini vidole vyake vilikuwa vikipapasa mlima uliokuzwa mara mbili, na vikaamini.

"Wifi," akasema. "Mimi nimewatilia chumvi watoto wa shule kumi na moja."

"Unaumwa baridi?"

"Milima yangu yote. Mara mbili. Ukuta si ukuta, ni mteremko. Ule mteremko tulioshuka bila kuutambua. Mafiga si manene, mimi ndiye niliyeyakondesha." Na hapo, juu ya ukingo wa korongo, huku maji yakiwa funda nne, yule mwanamke asiyependa kupandisha sauti akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Hesabu ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa tangu mwanzo. Tunarudi hatua mia nane, tunageuka, tumefika."

"Una hakika?"

"Vipimo vya kwenda mbele na kando vyote ni vya kweli. Nilivyokuza ni vya kwenda juu tu."

Gia Tano akaliegemea gongo akasimama, mguu ukamfanya amtaje babu mmoja wa mwisho aliyekuwa amebaki. "Kaka yangu alisema ameoa mwanamke asiyejua kusema uongo," akasema. "Kumbe ulikuwa unauhifadhi kwenye maboksi."

Walirudi hatua mia nane, na mwisho wa mteremko ulikuwa pale. Fundi aligeuka kufuata chini yake, ukungu ukiwa bado umewazunguka. Hatua mia mbili, mchanga ukaisha. Chini ya viatu vyao kukawa na jiwe jeusi, gumu, lililojikunja mikunjo kama kamba zilizolundikwa. Fundi akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Mwamba ule ulikuwa umeteremka ukiwa uji wa moto, ukapoa hapa, ukabaki na mwendo wake.

"Ulimi," akasema. Sauti ilimtoka kama anamtambulisha mgeni.

Ulimi haukuwa mwepesi. Mahali pengine mikunjo ilikuwa mipana kama ngazi na gongo lilipata pa kushika. Mahali pengine lava ilikuwa imevunjika vipande vyenye makali, na Gia Tano akashuka kwa makalio, mguu mweupe mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni, akilaani taratibu na kwa mpangilio. Mara moja wakapita juu ya mahali ambapo hatua zao zilitoa mwangwi, mwamba ukiwa mtupu ndani kama ngoma, na Fundi akamweleza, huku akimshika kwapa, kwamba lava ya nje huganda kwanza na ya ndani huendelea kukimbia, ikaacha shimo refu kama bomba. Gia Tano akasema asante kwa somo, lakini kama dari hilo nalo lilikuzwa mara mbili, wapite upesi.

Walimaliza maji. Ukungu ukageuka kuwa wa rangi ya chungwa, maana yake jua lilikuwa likishuka mahali fulani. Mikono ya Gia Tano ilikuwa ya baridi kiasi kwamba Fundi alipoishika alishtuka, na sasa alikuwa akijibu kwa neno moja moja.

"Wifi, zungumza."

"Nini."

"Chochote. Nitukane."

"Nimechoka kukutukana."

Ndipo Fundi aliposikia kitu. Alisimama, akainama, akalaza sikio juu ya jiwe. Chini kabisa, ndani ya lava, kulikuwa na sauti nyembamba isiyokatika.

Kila mara alipomaliza mlima, alichukua brashi ya nywele tatu na kutia vitone sita vya buluu kwenye ncha ya Ulimi, kwa sababu ramani ilikuwa navyo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini sita, kwa nini pale, na kwa nini juu yake hakukuwa na kijito hata kimoja. Sasa jiwe lilikuwa likimweleza. Mlima huu ulikuwa ungo. Mvua yote iliingia kwenye jivu na nyufa, haikukaa juu hata tone, ikatembea gizani chini ya lava mpaka ilipokuta udongo mgumu wa chini usiopitisha. Hapo ikakosa pa kwenda, ikatoka.

"Maji," akasema. "Yanatembea chini yetu. Na sisi tunakwenda yanakokwenda."

"Vidole vingapi?"

"Kimoja. Kimoja chembamba."

Gia Tano akavuta pumzi, akachoma gongo mbele. Tup, chwa, du.

Ulimi uliisha ghafla, ukuta wa mawe meusi yaliyolundikana yenye kimo cha nyumba, na chini yake kulikuwa na majani. Majani mabichi, marefu, na miti. Fundi aliteremka kwanza, kisha akamteremsha wifi yake jiwe kwa jiwe. Maji yalitoka kati ya mawe mahali sita. Fundi aliyahesabu yote, akaona ni sita. Alizamisha viganja akavitoa haraka, akatazama kama haamini, akavizamisha tena.

"Wifi. Mlima umetuchemshia maji."

Yalikuwa ya vuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto, yenye ladha ya chuma. Walikunywa kwa viganja, kwa chupa, kisha Gia Tano akaweka chupa kando na kunywa kama ng'ombe. Akakaa ukingoni, mguu wa jasi ukiwa umenyooshwa nchi kavu, mguu mzima na mikono yote miwili ndani ya maji mpaka viwiko. Rangi ikamrudi usoni polepole. Na maneno yakamrudi.

"Mmoja anafaidi," akasema akitazama miguu yake, "mwingine anakula wivu. Kama wake wenza."

Fundi alikaa karibu naye akacheka, na alipoinua uso ukungu ulikuwa umeondoka.

Mlima ulisimama mzima mbele yao, wekundu wa jioni ukiwa juu yake. Mkuu, Kibogoyo, bega, Mafiga matatu kama vibonge vya unga, na Ulimi mweusi walioushuka. Ulikuwa mpana kuliko alivyowahi kufikiri kwamba jicho linaweza kutazama. Haukuchongoka. Ulikuwa umelala, mkubwa, mtulivu, kama mtu asiyekuwa na haja ya kusimama ili aonekane. Ulifanana kabisa na ule wa kwanza, ule wa majalada ya madaftari.

"Hukumsingizia," Gia Tano akasema. "Ulimvalisha tu viatu virefu."

Sauti za watu ziliwafikia kabla hawajainuka pale. Machimbo yalikuwa mita mia tatu nyuma ya miti, na wachimbaji walikuwa wakimalizia kupakia mawe mepesi kwenye trekta. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi ndiye aliyewaona kwanza: mmoja mnene, mguu mweupe kama chaki, akichechemea na mpini wa beleshi, wa pili mwembamba, mweusi kwa jivu mpaka kope, akiwa amebeba mgongoni kitu cha mraba.

"Mmetoka wapi nyie?"

"Juu," Fundi akajibu.

"Juu hakuna njia. Na hicho ulichobeba?"

"Ndiyo juu yenyewe," Gia Tano akasema. "Tumeona tuishushe. Mna chai?"

Walikuwa nayo, moto na sukari nyingi. Mhudumu wa zahanati ya machimbo aliupapasa ule mguu, akauliza ni hospitali gani iliyofunga vizuri namna ile. Gia Tano akamjibu kwamba ni hospitali ya milima, na hawapokei watu hivi hivi.

Trekta iliivuta pikapu siku ya nne. Vipande nane vilikuwa vizima, na shule ikasogeza siku ya ufunguzi wa chumba cha jiografia wiki mbili mbele. Fundi alizitumia zote. Mume wake alimkuta karakanani akikata majalada ya madaftari, akataka kuuliza, akaona uso wake, akaenda kumtengenezea chai.

Siku ile, chumba cha jiografia kilikuwa na meza mbili. Juu ya ile kubwa ulisimama mlima wa vipande tisa, vilele vikiwa vimejitokeza, na kipande cha katikati kikiwa na pembe iliyovunjika. Mwalimu mkuu alikuwa amependekeza izibwe. Fundi alikuwa amekataa kwa upole, bila kueleza. Juu ya meza ndogo kulikuwa na mlima ule ule, mwembamba, uliolala, na pembeni yake kijiwe kimoja chekundu chenye matundu.

Wanafunzi walizunguka meza kubwa wakipapasa vilele na kusukumana. Kisha msichana mmoja akahamia meza ndogo. Akaweka viganja vyote viwili juu yake, akavisogeza polepole, akakunja uso.

"Mbona huu mfupi?"

Fundi alitafuta maneno ya kuanzia, kontua, kipimo, unene wa kadibodi. Gia Tano alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, gongo jipya mapajani, na hakusubiri.

"Huo ndio tulioushuka kwa miguu," akamwambia. "Ule mrefu ndio tutakaousimulia."

Msichana akaangalia mlima mmoja, akaangalia wa pili. Kisha akarudi kwenye ule mfupi, na kidole chake kikaanza kuteremka taratibu juu ya Ulimi, kuelekea kwenye vitone sita vya buluu.